Wanafunzi wa nje Arusha na Moshi: barua zenu na majibu

Toleo lililopita niliandika kwamba ukanda huu wetu, kuanzia Ngaramtoni mpaka kule Mweka, unapokea wanafunzi kutoka nje ya nchi miaka na miaka ila hakuna anayeiangalia kama shughuli moja ya mkoa, kila chuo kinahangaika kivyake, na nikasema serikali na wafanyabiashara wakae meza moja na vyuo. Barua zimekuja nyingi kweli, zingine kali. Nimechukua chache, nimezipunguza urefu, majina ya watu na ya vyuo vinavyolalamikiwa nimeyaondoa.

Mwalimu habari za kazi. Mimi nina hosteli ndogo hapa Usa River, vyumba vya wanafunzi. Umeandika serikali na wafanyabiashara wakae pamoja, sasa nauliza wanakaa wapi? Maana tangu nimejenga hakuna mtu wa serikali aliyefika hapa zaidi ya wa kodi na wa taka, na chuo kinaniletea wanafunzi siku kikijisikia. Wageni wakija wanapitia kwa madalali wanapigwa bei mara mbili, wakishashtuka wanahama. Mimi nafaidika wapi? – Mama mwenye hosteli, Usa River

Shikamoo mama. Meza ipo, ila haijatumika kwa jambo hili. Kila mkoa una Baraza la Biashara la Mkoa, mwenyekiti ni mkuu wa mkoa mwenyewe, na ndani wanakaa watu wa serikali na watu wa sekta binafsi, lote liko chini ya mfumo wa Baraza la Taifa la Biashara lililoundwa mwaka 2001. Wilaya nazo zina mabaraza yao. Ukiwauliza watu wa huku biashara ya mkoa ni ipi watakwambia utalii, kahawa, maua, mbogamboga, tanzanite, elimu hata haiwajii kichwani wakati mwanafunzi mmoja wa nje anakaa miaka mitatu au minne, analipa ada, analipa chumba, anakula, anapanda daladala na bodaboda, ananunua vocha, wazazi wakija mahafali wanalala hotelini na wanaenda Ngorongoro. Mtalii anakaa wiki moja.

Nikupe mfano wa wenzetu. Kule Australia kuna mji unaitwa Adelaide, sio Sydney wala Melbourne, ni mji wa pembeni kidogo ambao zamani wanafunzi wengi wa nje walikuwa wanaupita tu. Mwaka 1998 serikali ya jimbo, halmashauri ya jiji na vyuo vikuu vya pale wakaunda chombo kimoja cha pamoja, leo kinaitwa StudyAdelaide. Kazi yake ni kuuza mji mzima kama sehemu ya kusomea, alafu wanafunzi wakifika kuwapokea na kuwasaidia wazoee. Vyuo vile vinagombania wanafunzi kama kawaida, ila hela ya kuutangaza mji wanachanga pamoja. Mimi hapo ndipo naona wana akili, kwasababu mzazi aliyeko Bujumbura au Lilongwe akikaa kuamua haanzi na mtaala, anaanza na mtoto wangu atalala wapi, akiumwa atatibiwa wapi, usiku akitoka maktaba atarudije. Hayo maswali chuo peke yake hakiwezi kuyajibu. Unayajibu wewe mama, na mwenyekiti wa mtaa, na polisi, na daladala.

Na la nyumba usilione dogo. Canada mwezi wa kwanza mwaka 2024 walitangaza kupunguza vibali vya wanafunzi wa nje mpaka kama 360,000 kwa mwaka huo, pungufu kwa asilimia 35 ukilinganisha na mwaka wa nyuma yake, na sababu mojawapo kubwa waliyoitaja ni nyumba, wanafunzi walikuja wengi kuliko vyumba, kodi zikapanda, wenyeji wakachukia. Australia nao wakapanga wapya wasizidi 270,000 kwa mwaka 2025. Nchi zenye hela zote hizo zilijaza wanafunzi kwanza ndio zikakumbuka vitanda. Sisi bado tuko mwanzo, tunaweza kuanza na vitanda.

Kwahiyo ningekuwa wewe nisingesubiri kuitwa. Wenye hosteli wa Usa River, Tengeru na Maji ya Chai mkae, muunde umoja, muende halmashauri ya Meru na ombi moja tu: hosteli zikaguliwe na zile zinazofaa ziandikwe kwenye orodha moja, ina maji au haina, ina mlinzi, mkataba ni wa maandishi, bei ni hii. Alafu orodha hiyo vyuo viiambatanishe kwenye barua ya udahili inayotumwa nje. Mwanafunzi akitua uwanja wa ndege wa KIA anajua anakwenda wapi na bei ngapi, dalali hana pa kuingilia. Na mama yangu nikuombe kitu, hii kodi ya miezi sita kwa mkupuo muiangalie, mgeni hela yake inakuja kwa awamu kama ada, pangeni kwa muhula mtaona wanakaa.

Kingine maji. Wewe unaishi hapo unajua maji ya huku chini ya Mlima Meru yana madini ya floraidi mengi, ndio yanayoharibu meno ya watoto wetu. Mgeni hajui, atakunywa ya bomba. Hapo hapo jirani yako Tengeru kuna Chuo cha Nelson Mandela, na kuna mwanasayansi wa pale, Dr. Askwar Hilonga, alitengeneza chujio la maji lililoshinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2015. Yaani tatizo liko kwenye hosteli yako na utaalamu uko mwendo wa daladala kutoka kwako. Umoja wenu ukienda pale kuomba machujio na wanafunzi wa kuja kupima maji kila muhula, wao wanapata fildi, nyie mnapata maji salama na kitu cha kuandika kwenye orodha. Ushirikiano wa chuo na biashara ninaousema mimi ni huo, sio lazima uwe na mkutano wa hotelini.

Shikamoo mwalimu. Mimi natoka Goma, niko nasoma hapa Moshi mwaka wa pili. Masomo ni mazuri na watu ni wazuri, lakini makaratasi yananichosha. Diploma yangu ya sekondari ni ya Kifaransa, nilitumwa ofisi hii, nikatumwa ofisi ile, nikapoteza muda mingi mbele ya kuanza. Kibali nayo kila wakati wa kuongeza chuo wananiambia nenda uhamiaji, uhamiaji wananiambia leta barua ya chuo. Sasa Congo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, haisaidie kitu? – Mwanafunzi, Moshi

Marahaba mwanangu, na pole sana, umeniandikia vizuri. Nikuelekeze kwanza alafu niwaseme wahusika.

Cheti cha sekondari cha nje kinapelekwa NECTA, baraza la mitihani, wao ndio wanaolinganisha na cha kwetu. Ukiwa na stashahada ya nje ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Shahada ni TCU, tume ya vyuo vikuu. Hiyo ni milango mitatu tofauti na mtu asipokwambia mapema unagonga wa kwanza unaambiwa sio hapa. Kibali ni uhamiaji, wanafunzi wa kigeni wanaangukia kibali cha ukaazi daraja C, ndilo daraja la wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wengine wasiokuja kuwekeza wala kuajiriwa, na siku hizi maombi yanafanyika mtandaoni. Ukija kufanya utafiti wa shahada ya juu jua kuna kibali kingine cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Na kumbuka daraja C ni la kusoma, usije ukadanganywa na mtu akupe kazi ya mshahara ukajikuta matatani.

Kuhusu Jumuiya, ndiyo, nchi yako imeingia mwaka 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inawataja wanafunzi kati ya watu wanaoruhusiwa kuingia na kukaa nchi mwanachama, kanuni zake zinataja mpaka pasi ya mwanafunzi. Nenda na hilo neno, pasi ya mwanafunzi kwa raia wa Jumuiya, uliza kwa heshima dirishani na muombe ofisa wa wanafunzi wa chuo aongozane na wewe. Tena mwaka 2017 wakuu wa nchi walikaa Dar es Salaam wakaitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, maana yake mitaala, mitihani na vyeti vitambulike huku na huku. Kutangaza kumefanyika. Kinachobaki ni yule kijana wa dirishani awe na karatasi inayomwambia afanye nini mtu wa Goma akija.

Sasa niwaseme wahusika. Mwekezaji akija Tanzania ana dirisha la pamoja, maofisa wa idara tofauti wanakaa jengo moja wanamhudumia. Mwanafunzi analeta hela pia na anakaa muda mrefu, kwanini asipewe la kwake? Malaysia walifanya hivyo mwaka 2012, waliunda taasisi moja inaitwa Education Malaysia Global Services, iko chini ya wizara yao ya elimu ya juu, maombi ya viza za wanafunzi wa nje yanapita pale, chuo na uhamiaji wanaonana ndani ya mfumo mmoja mwanafunzi hageuki tarishi. Kwa Arusha na Moshi hatuhitaji hata kujenga jengo. Siku chache mwanzo wa mwaka wa masomo, uhamiaji, NECTA, NACTVET, TCU na benki waje chuoni na kompyuta zao, wiki hii Moshi, wiki ijayo Tengeru, wamalize watu wote, basi. Mikoa ni miwili, Arusha na Kilimanjaro, wakuu wa mikoa wawili na ofisi mbili mbili za kila kitu, ila mwanafunzi anaona kilomita 80 tu na uwanja wa ndege mmoja katikati, kwahiyo hawa wakubwa lazima wakubaliane kulifanya kama jambo moja.

Na hicho Kifaransa chako kimenifikirisha. Congo, Burundi na hata sehemu ya Rwanda kuna vijana wengi waliosoma kwa Kifaransa, Kiswahili wanakijua au wanakielewa, wanachokosa ni Kiingereza cha darasani. Tukiwa na kozi nzuri ya miezi michache ya Kiingereza cha chuo, inayofundishwa na mwalimu anayejua kuelezea kwa Kiswahili pale mtu anapokwama, nani mwingine duniani ana hiyo? Watu wanaangalia Ulaya kutafuta wanafunzi wakati wako hapa jirani, wanavuka Kigoma.

Mimi sikubaliani na wewe mwalimu. Kijana wangu amepata chuo mkopo akakosa, yuko nyumbani. Vyuo vyetu madarasa yamebanana. Leo unaongelea kuhangaikia watoto wa watu wengine walete dola. Hizo dola nani atazila? Tuanze na wetu kwanza. – Baba wa watoto wanne, Kijenge

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na sitaki kukujibu kwa haraka maana uchungu wako ni wa kweli na wazazi wengi wanao.

Kwanza jambo moja tuliweke sawa, mwanafunzi wa nje hagusi mkopo wa kijana wako. Bodi ya mikopo inakopesha Watanzania, mgeni anakuja na ada yake. Anapoweza kumgusa kijana wako ni kwenye kitanda, kwenye kiti na kwenye muda wa mwalimu. Hapo una haki kabisa ya kuuliza, na mimi nasema chuo kisiruhusiwe kutangaza nafasi za nje kama hakijaonyesha wazi kwamba imeongeza vitanda na walimu, sio kuwabana waliopo.

Ila mzee tusisahau tumetoka wapi. Chuo cha Mweka kilianzishwa 1963, miaka miwili tu baada ya Mwalimu Nyerere kutoa lile Azimio la wanyamapori la Arusha la 1961, na tangu mwanzo kilikuwa cha Afrika nzima, kimefundisha mabwana nyama wa nchi kibao, leo ukienda hifadhi za kusini au magharibi mwa Afrika utakuta wakubwa waliosoma chini ya Kilimanjaro. Chuo cha Ushirika Moshi nacho ni 1963, kimekuwa chuo kikuu 2014. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, na shule ya kimataifa ya Moshi, leo UWC East Africa, ilitangulia kuanza 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa KCMC. Unaona mnyororo huo? Hospitali kubwa ilileta madaktari, madaktari wakaleta watoto, watoto wakaleta shule, shule ikaleta wazazi wengine, na shule imesimama zaidi ya miaka 50, inaajiri walimu, wapishi, madereva, watunza bustani wa Moshi. ESAMI, kile chuo cha uongozi pale Njiro, ni mali ya serikali za nchi kadhaa za Afrika mashariki na kusini, maofisa wanatoka huko wanakuja kusoma Arusha. Wageni hawa hawajaja jana.

Dola nani atazila, hilo ndilo swali langu pia. Niliyoyaona yana mantiki ni haya ya Nelson Mandela. Chuo kile kilipata vituo viwili vya umahiri kwenye mradi wa Benki ya Dunia, kimoja cha maji na nishati kinaitwa WISE-Futures na kingine cha kilimo na lishe kinaitwa CREATES, na fedha za mradi ule zilikuwa zinatoka kwa matokeo, mojawapo ya matokeo yaliyohesabiwa ni wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Maana yake nini kwa kijana wa Kijenge? Maabara ikipata mashine kwasababu kuna mwanafunzi kutoka Rwanda au Malawi, mashine ile haichagui, Mtanzania anaitumia hiyo hiyo. Na mgeni akikaa darasa moja na kijana wako miaka minne, kesho kijana wako ana mtu wa kufanya naye biashara Kigali.

Ninachotaka mimi, na nitaendelea kukiandika, ni kwamba sehemu ya ada ya wageni itengwe kwa jina, ilipe ada za vijana wa mkoa waliokosa mkopo, na chuo kibandike ubaoni kila mwaka ni hela ngapi na imewasomesha wangapi. Mkurugenzi wa halmashauri na wawakilishi wa wazazi waikague. Bila hiyo, mzee wangu, kataa, na mimi nitakuwa upande wako.

Mwalimu mambo. Nina kampuni ya utalii Sakina, magari kadhaa. Vyuo vinaniletea barua za fildi mwezi wa saba na wa nane, wakati wa msimu, vijana wengi kwa mpigo, hawajui kuongea na mgeni, hawajui hata kufunga hema. Nikiwaambia chuo wananiambia mtaala umeshapitishwa. Tozo ya ujuzi nalipa. Kukaa nao mezani nitapata nini zaidi ya posho ya kikao? – Mwenye magari, Sakina

Poa kaka. Utapata haki ya kusema mtaala ubadilike, na hiyo ina thamani kuliko posho.

Angalia Chuo cha Ufundi Arusha, ATC, wanavyofanya na kile kituo cha Kikuletwa kule Hai. Palikuwa na mtambo wa zamani wa umeme wa maji uliokufa, chuo kikapachukua, pamekuwa kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu kwenye mradi wa vyuo vya ufundi unaoitwa EASTRIP, uliohusisha Tanzania, Kenya na Ethiopia. Kwenye mradi ule kituo kilitakiwa kiwe na bodi ya ushauri ambayo watu wa viwanda wamo, wao ndio wanasema tunahitaji fundi anayejua hiki na hiki, na kituo kilitakiwa kipokee pia wanafunzi wa nchi jirani. Sasa niambie, nishati jadidifu ina bodi ya wenye viwanda, utalii ambao ndio chakula cha mji huu hauna? VETA wana chuo cha hoteli na utalii pale Njiro, Mweka wapo, vyuo binafsi vya utalii ndio usiseme, na TATO, chama chenu cha kampuni za utalii, kina makao hapa hapa Arusha. Peleka hoja TATO iwe moja: hatupokei tena fildi kwa barua za mmoja mmoja, tunataka kukaa na vyuo mara moja kwa mwaka kupanga.

Na cha kwanza kupanga ni kalenda. Mwezi wa nne na wa tano mvua za masika zimekolea, magari yako yamelala, waongozaji wako nyumbani, kambi ziko tupu. Fildi ikiwekwa hapo mwalimu wa kweli anapatikana, yaani yule mwongozaji wako mkongwe ambaye msimu ukiwaka hana hata dakika. Vijana wafunge mahema kwenye tope waone kazi ilivyo.

Alafu kuna hela ambayo wengi hamjaiona. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanakuja kusoma muhula mzima huku, kuna kituo cha School for Field Studies kule Rhotia, Karatu, wamekuwepo kwa miaka mingi wanasoma wanyamapori na mahusiano ya watu na hifadhi. Kundi la aina hiyo halitaki hoteli ya kifahari, linataka gari imara, mpishi, mwongozaji anayejua majina ya kisayansi ya miti na anayeweza kukaa na Mmasai akatafsiri bila kuongeza chumvi. Linakaa wiki nyingi. Likija kwenu mnaanza kutafutana, kwasababu mmefundishwa wote kuonyesha simba tu. Kaeni na Mweka wawatengenezee kozi fupi waongozaji wenu kwa ajili ya makundi ya masomo, nyie mlipie nusu, na hiyo tozo ya ujuzi mnayolipa muihoji kupitia chama inarudije huku kwenye sekta yenu.

AFCON 2027 inakuja, uwanja unajengwa hapa, kila mtu anaongelea vyumba vya hoteli. Mimi nawaza baada ya mashindano hivyo vyumba vitalala nani kama sio makundi ya masomo kama hayo.

Nina chuo kidogo cha afya, nimepata wakala anaahidi wanafunzi wengi kutoka nje anataka asilimia kubwa ya ada ya mwaka wa kwanza. Nimpe? – Mkurugenzi, Moshi

Ndugu mkurugenzi, usisaini bado. Wakala anayelipwa kwa kichwa ataleta kichwa, hatauliza kama kina sifa za kusomea afya. Australia walipitia hapo, kuanzia 2009 vyuo binafsi kadhaa vilivyokuwa vinaishi kwa wanafunzi wa mawakala vilifungwa, wanafunzi wakabaki mitaani na ada imeliwa, ikabidi mwaka 2012 serikali iweke mfumo maalumu, chuo kikifungwa mwanafunzi anatafutiwa chuo kingine au anarudishiwa hela, na vyuo vyenyewe ndivyo vinauchangia. Kwetu mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka ule. Sasa fikiria kama chuo kimoja kikizuiwa na kina wanafunzi wa nchi tatu, habari zinafika kwao siku hiyo hiyo, na zinachafua Moshi nzima sio chuo hicho tu.

Kama usajili wako NACTVET uko sawa, wodi za kufanyia mazoezi umeshakubaliana nazo kwa maandishi na hospitali, na una walimu wa kutosha, huhitaji wakala mkubwa. Chukua wanafunzi wachache wa nchi moja, uwatunze, wapigie wazazi wao simu kila muhula. Na walimu wa kigeni ukiwataka anza mapema, kuna kibali cha kazi cha idara ya kazi alafu kibali cha ukaazi daraja B cha uhamiaji, ni vitu viwili tofauti. Pendekeza pia kwa wenzako wenye vyuo mfungue akaunti ya pamoja ya dhamana ya ada, hata kama ni kidogo, muiwekee saini ya mtu wa nje ya vyuo. Hilo likitangazwa litawaletea wazazi kuliko wakala yeyote.

Shikamoo mwalimu, mimi nimemaliza shahada ya Kiswahili, sina ajira, niko Ngaramtoni. Katika haya unayosema Kiswahili kina nafasi au ni sayansi tu? – Mhitimu

Marahaba mdogo wangu. Kina nafasi kubwa na wewe uko kwenye mji sahihi. Pale Usa River MS TCDC, kituo kilichoanzishwa na Wadenmaki, wamefundisha wageni Kiswahili kwa miongo mingi, kwahiyo soko sio la kubahatisha. UNESCO waliipitisha Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani mwaka 2021, na hapa Arusha tuna makao makuu ya Jumuiya na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, wafanyakazi wao wanatoka nchi nyingi na wana familia.

Ila shahada yako haitoshi, kumfundisha mgeni ni kazi nyingine, anza na mafunzo ya BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, ya walimu wa Kiswahili kwa wageni upate cheti. Tafuta wenzako wawili watatu, msiwe mnafundisha kila mtu kivyake kwa bei ya huruma. Andikeni kozi ya wiki mbili, asubuhi darasani, mchana soko la Kilombero mwanafunzi anunue nyanya na vitunguu mwenyewe kwa Kiswahili bila nyie kumsaidia, jioni anakula kwa familia iliyokubali. Bei iandikwe, familia ilipwe, risiti itoke. Alafu nendeni kwa yule kaka wa Sakina mwenye magari, makundi yake ya wanafunzi siku mbili za kwanza kabla ya kwenda porini yapitie kwenu.